Mkebe wa Jina Kubwa na Biskuti za Duka



Wapenzi wasomaji wetu, baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ukumbi wetu wa wiki hii unawajia kutoka mahali palipo mbali na harufu ya bahari. Tumeuandika Kericho, katika nchi ya chai, kwenye mwinuko wa takriban mita 2,000, ambako asubuhi vilima hufunikwa na ukungu na alasiri hushuka mvua, mara nyingine mvua ya mawe. Huko kijani cha majani ya chai hakina mwisho, na anayetoka Pwani hujikuta akitafuta shali hata mwezi ambao Mombasa watu wanalala madirisha wazi.

Tulikuwa wageni wa familia moja yenye asili ya kwetu, iliyohamia huko kwa ajili ya kazi ya baba. Mama wa nyumba alitupokea kwa ukarimu ule ule tuujuao: chai ya maziwa iliyotiwa tangawizi na iliki, na kando yake mkebe wa buluu wa biskuti za siagi, wenye jina la kiwanda mashuhuri cha ng'ambo. Mkebe wa namna hiyo mnaujua. Ndio ambao katika nyumba nyingi huishia kuwa wa sindano na nyuzi.

Kabla hatujanyoosha mkono, bintiye wa miaka sita alitazama ndani ya mkebe, akasema kwa sauti safi isiyo na hila: "Mama, hizi si zile za supamaketi ulizozimimina humu jana?"

Kimya kilitanda. Mama aliinamisha uso, nasi tukajifanya tunakoroga sukari ambayo ilikwisha kuyeyuka. Kisha yeye mwenyewe akacheka, nasi tukacheka naye, na haya ikapungua. "Dada zangu," alisema, "mkebe huu niliupata kwa zawadi ya Idi, miaka mitatu sasa. Biskuti zake ziliisha wiki ile ile. Tangu hapo najaza za duka, zile zenye jina la supamaketi yenyewe. Mgeni akiuona mkebe, moyo wangu hutulia. Ni hilo tu."

Wapenzi wasomaji, nani kati yetu atamlaumu? Bei ya unga, sukari na mafuta imepanda, na mama wa nyumba hupita katikati ya rafu za duka kubwa akihesabu kimoyomoyo. Mkono wake wa kulia huvutwa na pakiti ya chapa maarufu, ile itangazwayo redioni na kwenye mabango, na wa kushoto huvutwa na pakiti ya jirani yake, iliyoandikwa jina la duka, iliyo rahisi kidogo. Akichukua ya kwanza, mfuko unalia. Akichukua ya pili, anajiuliza mgeni atasemaje, na mwanawe atachekwa vipi shuleni. Swali letu la wiki hii ni hilo basi: je, tofauti ya bei ni tofauti ya kilichomo ndani, au ni tofauti ya jina tu?

Baba wa nyumba, ambaye kazi yake kiwandani ni kuonja chai, alikuwa akisikiliza kutoka chumba cha pili. Alipiga hodi, akaomba ruhusa aseme neno moja, na kama ilivyo kawaida ya wanaume wenye elimu ya jambo moja, neno hilo likawa hotuba. Alitueleza kwamba katika kazi yake jani hupimwa kwa mizani, kiasi sawa kwa kila kikombe. Humiminiwa maji yaliyochemka, huachwa kwa dakika zilezile, kisha mwonjaji hupita na kijiko, akavuta kwa nguvu mpaka chai ikasambaa mdomoni, akatema, akaenda kikombe kinachofuata. Chai hiyo hushuka mpaka kwetu Mombasa, kwenye mnada ulioanzia Nairobi mwaka 1956 na kuhamia Mombasa mwaka 1969. Huko shehena huwa na jina la kiwanda kilikotoka na daraja la jani, lakini hakuna mnunuzi mwenye akili anayetoa pesa kabla ya sampuli kuonjwa. "Jina tunalisoma," alisema, "lakini bei inatoka kwenye kikombe."

Maneno hayo yalitukumbusha habari ambayo wengi wetu hatuitilii maanani. Majina makubwa ya chai tunayoyastahi leo yalianzia wapi? Thomas Lipton alikuwa muuza duka katika mji wa Glasgow, aliyefungua duka lake la kwanza mwaka 1871. Ilipofika miaka ya 1890 alinunua mashamba Ceylon, nchi iitwayo sasa Sri Lanka, akaanza kuuza chai katika pakiti zenye jina lake, kwenye maduka yake mwenyewe. Yaani jina hilo linalojulikana dunia nzima lilianza likiwa chapa ya duka, sawasawa na zile biskuti ambazo mwenyeji wetu alizionea haya. Na Brooke Bond, kampuni iliyoanza kupanda chai Kericho katika miaka ya 1920, ilianzishwa na Arthur Brooke mjini Manchester mwaka 1869. Bwana Bond hakuwapo kamwe. Brooke aliliongeza jina hilo kwa kuwa lilipendeza masikioni. Kampuni ilinunuliwa na Unilever mwaka 1984, na mashamba yamepita mikono mingine tangu hapo, lakini nenda Kericho leo utasikia watu bado wakisema "Brooke". Jina likishakaa midomoni huishi muda mrefu kuliko mwenyewe.

Lakini jina pia hufa. Wasomaji wetu watu wazima wanazikumbuka bidhaa za Nakumatt zilizoitwa Blue Label, zilizojaa makabati yetu kuanzia mchele hadi karatasi za msalani. Duka lilipoanguka, na wadai wake kuamua mwanzoni mwa mwaka 2020 lifilisiwe, jina nalo likatoweka rafuni. Leo tunaona sukari, unga na mikate yenye jina la Naivas, duka lililoanzia Rongai, Nakuru, mwaka 1990. Na wakaao Mombasa wameziona bidhaa zenye jina la Carrefour pale Nyali. Kwa hiyo jambo hili si geni, wala si la kupita.

Kwa nini bidhaa ya duka huwa rahisi? Mara nyingi duka halina kiwanda. Huagiza kwa mtengenezaji, kwa wingi, na kumtaka atie jina la duka. Hakuna gharama ya matangazo, hakuna mashindano ya kugombea nafasi rafuni, na pakiti huwa ya kawaida. Tena wakati mwingine mtengenezaji ni yule yule anayetengeneza chapa maarufu, na ukitazama nyuma ya pakiti utakuta imeandikwa kuwa imetengenezwa na fulani kwa ajili ya duka fulani. Hata hivyo tusidanganyike upande wa pili: jiko moja laweza kupika pilau mbili, moja ya harusi na moja ya kila siku. Kiwanda kimoja si lazima kiwe na kipimo kimoja cha siagi.

Tukakubaliana tufanye kama wanavyofanya waonja chai. Kesho yake, baada ya sala ya Alasiri, mwenyeji wetu aliwaalika jirani zake. Tulikuwa wanawake saba na watoto wanne. Binti mkubwa wa nyumba alibaki jikoni, akazitoa pakiti zote, akapanga sahani nane zenye nambari tu: biskuti za siagi, kachri za viazi ambazo watoto wetu huziita krispi, karanga za kukaanga, na chevda. Kila aina ilikuwa na sahani mbili, moja ya chapa maarufu na moja ya duka. Maji ya kusukutua yaliwekwa katikati. Majina hatuyataji hapa, kwa kuwa pakiti moja iliyonunuliwa siku moja haitoshi kumhukumu mtu.

Biskuti zilianza. Wanne kati yetu walizipenda zaidi za sahani ya pili, wawili za sahani ya kwanza, na mmoja akasema haoni tofauti ila ya umbo. Sahani ya pili ilikuwa ya duka! Mwenyeji wetu, aliyeficha biskuti hizo miaka mitatu, alikuwa miongoni mwa wawili walioikataa.

Kachri zilitoa hukumu nyingine. Wote saba, bila ya kubishana, walichagua za chapa maarufu: zilikuwa nyembamba, kavu, na chumvi yake imeenea. Za duka ziliacha mafuta vidoleni, na nusu yake zilikuwa vipande vilivyovunjika. Katika karanga hatukuona tofauti, na za duka zilikuwa rahisi kwa kiasi cha kuonekana. Na chevda? Ladha zilikaribiana, lakini ilipofika zamu ya kusoma pakiti tukapata somo lililotushtua zaidi. Pakiti zote mbili zilionekana kuwa na ukubwa mmoja. Ya duka ilikuwa shilingi 80, ya chapa maarufu shilingi 100, na kila mmoja wetu angeapa kuwa ya duka ndiyo nafuu. Lakini ya duka ilikuwa na gramu 150, na ile nyingine gramu 200. Gawanya mwenyewe: gramu 100 za duka ni zaidi ya shilingi 53, na gramu 100 za chapa maarufu ni shilingi 50. Tulichodhani ni unafuu kilikuwa hewa iliyofungiwa ndani ya pakiti.

Miongoni mwa walioalikwa alikuwamo jirani wa Kikipsigis, mama mpole aliyekuwa akionja kwa makini kutupita sote. Tulipokuwa tukibishana juu ya majina alisema: "Mimi nachuma chai miaka kumi na miwili. Huko inakoenda sijui huitwa jina gani." Hakusema zaidi. Tuliyatafakari maneno hayo muda mrefu. Sisi tunahangaika na jina lililo juu ya pakiti, na yule ambaye vidole vyake vililigusa jani kwanza hana jina popote katika pakiti hiyo, iwe ya duka au ya kampuni mashuhuri. Wala unafuu hauangukii kwetu kutoka mbinguni. Mwezi wa Desemba 2023, Mamlaka ya Ushindani ya Kenya ilitoa uamuzi dhidi ya mwendeshaji wa msururu mmoja wa maduka makubwa, kwa kuwabana wasambazaji wake kwa masharti na makato, na kumtoza faini ya zaidi ya shilingi bilioni 1. Mnunuzi Mwislamu anaposhangilia bei ya chini ana haki ya kushangilia, na ana haki pia ya kuuliza ni nani aliyeilipa.

Sasa tufike kwenye jambo lililotuuma zaidi. Baada ya kuonja tulizileta pakiti zote mezani, tukazigeuza. Zile biskuti za duka zilizoshinda kwa ladha hazikuwa na alama ya halali. Katika orodha ya viambato palikuwa na E471, bila ya kuelezwa asili yake. Kwa wasomaji wasioijua, E471 ni kiungo kinachosaidia mafuta na maji kuchanganyika, kinachotengenezwa kutokana na mafuta, na mafuta hayo yaweza kuwa ya mimea kama mawese au ya mnyama. Ikiwa ni ya mimea, hakuna neno. Ikiwa ni ya mnyama, hapo ndipo penye swali la mnyama gani, na alichinjwaje. Mwenyeji wetu alishika pakiti akanyamaza. Miaka mitatu alikuwa akiona haya kwa sababu ya jina, na siku zote hizo hakuwahi kusoma nyuma.

Tusikimbilie kuharamisha, kwani kukosekana kwa alama si ushahidi wa haramu. Watengenezaji wengi wadogo hawajaomba cheti. Na tusidhani kuwa jina kubwa limeokoka. Katika kabati lile lile tulikuta pakiti ya biskuti za krimu ya waridi, chapa maarufu kutoka nje, na rangi yake ilikuwa E120, ambayo hupatikana kwa wadudu. Hukumu yake wanavyuoni wameijadili, na kila familia imuulize sheikh wake. Tunachotaka kusema ni kwamba mama aliinunua kwa kuliamini jina, na jina halikumwambia lolote. Hapa kwetu Kenya iko taasisi ya Kenya Bureau of Halal Certification inayotoa alama kwa bidhaa zilizokaguliwa. Tuitafute alama hiyo kwenye pakiti za duka na za kampuni kwa macho yale yale, na tuwe macho pia na E441, yaani jelatini, hasa katika peremende laini za watoto.

Mwenyeji wetu alifanya jambo tuliloliheshimu. Asubuhi alikwenda dukani na pakiti mkononi, akamuuliza meneja kwa upole asili ya kiungo kile. Meneja hakujua, lakini aliandika swali na kuahidi kumuuliza mtengenezaji. Tulipoondoka Kericho jibu lilikuwa halijaja, na biskuti zilikuwa zimewekwa kando mpaka lije. Wanawake kumi wakiuliza swali moja katika duka moja, meneja atalipata jibu haraka kuliko akiulizwa na mmoja. Basi ulizeni.

Yapo mengine ya kutazama nyuma ya pakiti, na tunayataja kwa ufupi ili ukurasa huu uweze kukatwa na kubandikwa mlangoni pa kabati. Kwanza, uzani. Sheria yetu ya vipimo na mizani inataka uzani halisi uandikwe. Usilinganishe bei ya pakiti kwa pakiti, linganisha gramu kwa gramu. Pili, mpangilio wa viambato. Kilicho kingi zaidi huandikwa mwanzo, na kilicho kidogo mwisho. Biskuti iitwayo ya siagi, ambayo siagi yake imeandikwa karibu na mwisho baada ya sukari na mafuta ya mawese, imeazima jina tu. Tatu, tarehe. Duka laweza kupunguza bei kwa kuwa bidhaa inakaribia kwisha muda, na hilo si kosa kwa wanaokula siku hiyo hiyo, bali ni hasara kwa anayeweka akiba ya mwezi. Nne, alama ya ubora ya shirika la viwango, KEBS. Chini yake huwa na nambari ya kibali, na nambari hiyo yaweza kuhakikishwa kwa ujumbe mfupi wa simu kupitia 20023.

Hata alama tusizigeuze kuwa hirizi. Mwezi wa Novemba 2019, KEBS ilisimamisha chapa tano za unga wa mahindi kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka isiyoonekana kwa macho. Na Januari 2020 ikasimamisha chapa saba za siagi ya karanga kwa sababu hiyo hiyo. Yalikuwamo humo majina ambayo watoto wetu walikuwa wakiyaimba kutoka kwenye matangazo. Kwa hiyo karanga, za duka au za kampuni, zikiwa na harufu ya uvundo, zimekunjamana au zimebadilika rangi, zisiliwe, na wala zisipewe kuku. "Pesa yangu itapotea" si hoja mbele ya ini la mtoto.

Wahenga wetu walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Na dini yetu ilitufundisha jambo hili kabla ya kuwapo supamaketi yoyote. Mnakumbuka habari iliyopokewa na Abu Hurayra (R.A.) ya Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni kwenye lundo la chakula, akatia mkono wake ndani, vidole vyake vikapata unyevu. Alimuuliza mwenye mali, naye akasema ni mvua iliyolinyeshea. Mtume akamuuliza kwa nini basi hakukiweka juu kile kilichorowa, ili watu wakione, na akawakana wanaodanganya. Hakutosheka na lile lililokuwa juu, alitia mkono. Muuzaji ana wajibu wa kuweka wazi, na mnunuzi naye ana mfano wa kufuata: tia mkono ndani, geuza pakiti, soma.

Mwenyeji wetu alituuliza swali gumu: je, mkebe wangu nao ni udanganyifu? Tulilitafakari pamoja. Hakumuuzia mtu kitu, wala hakuna mgeni aliyedhurika. Kumkirimu mgeni kwa ulichonacho ni ibada, na sahani ya biskuti za duka iliyotolewa kwa uso mkunjufu haina upungufu wowote. Lakini tuliona kuwa mkebe ulikuwa ukisema neno ambalo yeye mwenyewe asingelisema kwa ulimi wake, na mtoto wa miaka sita alikuwa akijifunza kutoka humo kwamba mgeni huonyeshwa jina na familia hula kilichomo. Hilo ndilo lililomuuma, wala si bei.

Akabaki mwanawe wa miaka kumi na mmoja, ambaye amekataa kubeba biskuti za duka shuleni. Katika kuonja kwetu, macho yakiwa yamefungwa kwa kitambaa, alizichagua hizo hizo za duka kuwa ndizo tamu. Mama yake alimfungua kitambaa akamwonyesha pakiti kwa furaha ya ushindi. Kijana alitazama, akafikiri, akasema: "Nimeelewa, mama. Lakini wenzangu hawafungi macho."

Hatukuwa na jibu la haraka. Aibu ya mtoto mbele ya wenzake ni kitu cha kweli, na haiondolewi kwa hesabu ya gramu. Mama yake alimwambia: "Haya mwanangu, hatutabeba pakiti ya mtu. Nitakutilia kwenye kibweta chako, kilicho halali na kilicho kizuri, kisicho na jina la duka wala la kampuni. Akikuuliza mtu ni cha wapi, mwambie ni cha kwetu." Kijana hakushangilia, ila alikubali, na kwa umri ule kukubali kunatosha.

Jioni ya mwisho mvua ilinyesha kwa kishindo juu ya mabati, na umeme ukakatika. Mama na binti mkubwa walikanda unga kwa mwanga wa taa ya betri, wakakata visheti, wakavikaanga na kuvipakaza sukari iliyotiwa iliki. Tulihesabu gharama pamoja nao, unga, mafuta na sukari, tukaona si rahisi kama watu wanavyodhani. Mafuta ni ghali, na mikono ya mama nayo ina thamani, hasa ya yule anayerudi kazini jua limekuchwa. Hatuwaambii wasomaji wetu kwamba kila kitafunio kipikwe nyumbani. Tunasema kwamba kwa wiki hii, nyumba ile ilikuwa na kitu ambacho wenyewe walijua kila kilichomo ndani yake, mpaka chembe ya iliki.

Visheti vililetwa kwenye sahani ya wazi. Yule binti wa miaka sita alipita nayo kwa kila mgeni, akisema bila ya kuulizwa: "Hivi ni vya kwetu." Na mkebe wa buluu tuliuona kwenye rafu ya cherehani, umejaa sindano na nyuzi.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu aturuzuku kilicho halali na chema, atubarikie kidogo chetu, na awape tahafifu akina mama wote wanaohesabu shilingi kati ya rafu na rafu. Wasomaji watakaopata majibu kutoka kwa maduka yao kuhusu asili ya viambato watuandikie, ili tuwafikishie wenzao. Mpaka wiki ijayo, inshaAllah.

Wabillahi tawfiq.